Mara ya Kumi na Saba

Siku nne kabla mwanaume yule hajaja, Bi Rudia alikuwa ameshajua kwamba atakuja. Jina lake lilikuwa la tisa kwenye orodha ya waigizaji walioomba kusailiwa. Bi Rudia alipoliona alichukua kalamu, akalikata, akaliandika upya chini kabisa, la thelathini na moja. Kisha akainywa chai yake, ambayo ilikuwa imeshapoa.

Jina hilo la Bi Rudia alipewa na watu wake wa kazi kwa sababu neno lenyewe halikuwa likimbanduka mdomoni. Mwigizaji akilia vizuri, rudia. Akilia vizuri zaidi, rudia. Alikuwa ameandika na kuongoza filamu tatu, mbili kati ya hizo zimepata tuzo, na wakubwa waliokuwa wakimwambia aache skripti yake mapokezi siku hizi walimpigia simu wao wenyewe. Filamu ya nne ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Alikuwa ameiandika kwa miaka tisa, na ndani yake mlikuwa na onyesho moja ambalo hakuwahi kulibadilisha hata nukta: mwanaume aliyemsaliti mwanamke anarudi, anapiga magoti mlangoni kwake kuomba radhi, na mwanamke anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anafunga mlango.

Mwanaume wa kupiga magoti alikuwa kwenye benchi la korido tangu saa tatu asubuhi. Walimwita ndani saa kumi na moja jioni.

Aliingia bila haraka, kama alivyokuwa akiingia kila mahali. Enzi zile walimwita Taratibu, kwa mwendo wake na kwa namna alivyokuwa akisema neno moja, analiacha litulie, ndipo anasema la pili. Sasa alikuwa na mvi kidogo juu ya masikio na shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi kola. Macho yalikuwa yale yale. Bi Rudia aliyatazama mara moja akayahamishia macho yake kwenye karatasi, na akachukia kwamba ilimbidi ayahamishe.

"Habari za siku nyingi," Taratibu alisema.

"Ukurasa wa arobaini na mbili. Soma kuanzia kwenye mlango."

Aliufungua. Alisoma kimya mistari mitatu, akainua kichwa. "Huu mlango naujua."

"Milango inafanana. Soma."

Akasoma. Mpiga picha, mtu mnene mpole aliyefanya kazi na Bi Rudia tangu filamu ya kwanza, aliacha kuchezea lenzi yake akasikiliza.

"Nafasi ni yako," Bi Rudia alisema. "Kesho nenda kwa fundi wa mavazi akakupime koti. Fundi ni mama yangu. Nadhani mnajuana."

*

Walijuana sana. Miaka kumi na moja nyuma, Bi Rudia alikuwa karani wa kuchapa skripti katika kampuni moja ya filamu, na Taratibu alikuwa mwigizaji wa nafasi ndogo ndogo, yule anayefungua mlango wa gari na kusema "karibu mheshimiwa", aliyekuwa ameanza kunong'ona kwamba siku moja ataongoza. Kila jioni, mama alipofunga cherehani, walikalia meza ile ile ya kukatia vitambaa na kuandika. Bi Rudia aliandika. Taratibu alitembea huku na huku akiyasema maneno ya kila mhusika kwa sauti, kuyapima kama yanakaa mdomoni. Miezi kumi na minne. Alimpenda kati ya ukurasa wa kwanza na wa kumi na moja, na kufikia wa sitini walikuwa wameshapanga mahari na mwezi wa harusi.

Mama hakumtaka. "Mwanaume anayeweza kulia akihesabiwa mpaka tatu," alisema, "siku akilia kweli utamjuaje?"

"Mama, ile ni kazi yake."

"Ndiyo ninavyosema. Na mwenye kazi huipeleka nyumbani."

Hata hivyo, kampuni ilipompa Taratibu aiongoze filamu yao ikamalizika, mama alishona gauni la siku ya uzinduzi, la samawati, akakesha akitia vifungo. Bi Rudia alilivaa akakaa safu ya nyuma kwa sababu alitaka kuwaona watu wakiitazama hadithi yake. Taa zikazimwa. Maandishi yakaja: filamu hii imetungwa na kuongozwa na. Likafuata jina la Taratibu. Akasubiri jina la pili. Alisubiri mpaka picha ya kwanza ikatokea, farasi kwenye barabara ya vumbi, farasi ambaye yeye ndiye aliyemfikiria akiwa anaosha vyombo. Ukumbi ukapiga makofi. Mwishoni Taratibu alisimama jukwaani akawashukuru walimu wake.

Alikuja nyumbani mara tatu baada ya pale. Mara tatu mlango haukufunguliwa. Kisha akaondoka na filamu yake kwenda kuionyesha nchi za watu.

Bi Rudia alianza upya. Hakutaka tena kukaa ofisini, akaomba kazi ya kwenda na wapigaji filamu, wakampa ya kutunza mfuatano: kuandika kama mwigizaji alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, maji yalifika wapi kwenye glasi, kifungo gani kilikuwa wazi. Alikaa humo miaka mitatu akiwaona waongozaji wakikosea, akajifunza kwa makosa yao bure. Akawa msaidizi. Akaandika yake. Na huku nyuma habari zikimfikia, kwamba filamu ya pili ya Taratibu imedoda, ya tatu imetolewa kwenye kumbi ndani ya wiki moja. Watu wakaanza kuulizana yule mtunzi wa ile ya kwanza kaenda wapi, bila kujua walikuwa wanauliza swali zuri kiasi gani. Kila habari ya namna hiyo Bi Rudia aliipokea kama mtu anayeletewa maua.

*

"Nimeshampima mtu wako," mama alisema Jumamosi hiyo, akiwa na pini tatu mdomoni. "Amepungua mabega."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anyooshe mkono." Akazitoa pini. "Sasa nieleze. Kwenye karatasi yako umeandika makoti mawili ya kijivu, kitambaa kimoja, mshono mmoja, mhusika mmoja. Lakini vipimo viwili. Huyu wa pili, mwenye kifua kipana, ni nani?"

"Wa akiba."

Mama alimtazama. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini, na alijua mtu anavyosimama akiwa anaficha kitambi, mimba au jambo jingine lolote.

"Utampigisha magoti mbele za watu," mama alisema polepole, "halafu utamfukuza mbele ya hao hao watu, na kesho yake koti lake litavaliwa na mwenzake."

"Na filamu itatoka bila jina lake. Atakaa ukumbini akilisubiri."

"Mwanangu, mimi yule sikumpenda hata siku moja, na wewe ni shahidi. Ukitaka kumfukuza, mfukuze leo, nitakushikia mlango. Lakini mtu uliyeachana naye humshonei koti."

"Mama, shona tu."

"Nashona. Ila najua ninachokishona."

*

Siku ya onyesho la mlango walipiga upande wa mwanamke asubuhi. Mwigizaji wa kike alikuwa hodari, akamaliza kwa mara sita, akaagwa akaenda zake kupumzika. Mchana wakageuza kamera, wakahamisha taa na kuelekea upande wa mwanaume. Hapo lazima mtu asimame mlangoni, nje ya picha, amsomee Taratibu maneno ya mwanamke. Kwa kawaida msaidizi ndiye husoma.

"Nitasoma mimi," Bi Rudia alisema, na msaidizi akampisha bila kuuliza.

Mbele ya mlango ilikuwa sakafu ya saruji. Kuna aliyetaka kuleta mto mdogo wa kuweka chini ya magoti, maana picha haikufika huko.

"Mto utamfanya apige magoti kwa raha," Bi Rudia alisema. "Uondoe."

Kibao cha kuanzishia picha kikagonga, Taratibu akaja akitembea, akapiga magoti.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema, kama ilivyoandikwa.

"Umemaliza?" Bi Rudia alisoma.

"Nimemaliza."

"Kata. Rudia."

Mara ya pili. Ya tatu. Kila baada ya mara moja mtu wa mavazi alimpangusa vumbi kwenye suruali ili magoti yaonekane safi, na Bi Rudia, ambaye jicho lake la kutunza mfuatano halikuwahi kulala, aliona kwamba kitambaa cha goti la kulia kimeanza kuchanika. Mara ya tano alimwambia anakuja haraka mno. Ya sita, anachelewa. Ya saba alimwambia, "Unaigiza mtu anayejutia. Mimi nataka mtu anayejuta."

Mara ya nane ilikuwa nzuri, kila mtu aliona. Mpiga picha akamsogelea. "Hii tunayo," alisema kwa sauti ya chini. "Hata ukiitaka kwa dawa hutapata nyingine."

"Rudia."

"Bosi, mtu ataumia."

"Nimesema rudia."

Kuanzia mara ya kumi hakuna aliyetania tena. Ya kumi na mbili Taratibu alishika fremu ya mlango kuinuka. Ya kumi na tano alifumba macho alipogusa sakafu. Na Bi Rudia, akiwa amesimama juu yake na karatasi mkononi, alikuwa na furaha, furaha ya kweli, iliyomjaa mpaka kwenye vidole, ya mtu anayekula baada ya kushinda na njaa siku nzima. Alikuwa ameiota miaka tisa na ilikuwa tamu vile vile alivyoiota.

Kibao kikagonga mara ya kumi na saba.

Taratibu akaja, akapiga magoti. Akamtazama juu. Hakusema neno lililoandikwa.

"Nilikuwa nimejiandalia uongo," alisema. "Miaka yote nilikuwa nao tayari, kwamba kampuni ndiyo iliyokataa jina la pili. Kampuni haikukataa. Mchoraji wa yale maandishi ya majina alinikuta ngazini, akaniuliza, ni wewe peke yako? Nilikuwa na haraka. Nikasema ndiyo."

Mpiga picha aligeuza shingo kumwangalia Bi Rudia. Hakukata, maana kukata ni neno la mwongozaji peke yake, na mwongozaji alikuwa kimya.

"Ningeweza kurudi nikamwambia nimekosea. Nilikuwa na siku tisa za kurudi kabla ya uzinduzi. Siku ya kwanza niliona aibu. Ya pili nikaona ni rahisi. Ya tatu nikaanza kuamini." Akahamishia uzito kwenye goti la kushoto. "Kila neno lililopigiwa makofi lilikuwa lako. Langu lilikuwa lile moja, ule utani wa tajiri na mbwa wake, na hakuna aliyecheka. Nilikuona umekaa nyuma. Nilikuona unasubiri. Nikawashukuru walimu wangu ambao hata hawakunifundisha kitu."

Bi Rudia aliishika karatasi kwa mikono miwili. Akasoma mstari uliofuata, kwa sababu ndio uliokuwepo.

"Umemaliza?"

"Bado," Taratibu alisema. "Nilikupenda nikiwa nakuibia, na ninakupenda mpaka leo, na najua hilo linazidisha kosa. Sasa nimemaliza."

Bi Rudia akafunga mlango.

Akasimama nyuma yake, gizani, mkono bado uko kwenye kitasa. Alihesabu pumzi zake mpaka zikawa zinahesabika, kisha akaufungua tena mlango na kusema, "Kata."

Watu kumi na mmoja walikuwa wakimtazama. Huu ndio wakati alioupanga, na watazamaji ndio hao. Sauti yake ilitoka imara kuliko alivyotarajia.

"Asante kwa kazi yako. Imeishia hapa. Kuanzia kesho nafasi hii itachezwa na mtu mwingine."

Minong'ono ikaenea chumbani. Taratibu aliinuka kwa hatua mbili, goti moja kisha jingine.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba kuna koti la pili. Mama aliniambia siku ile ya vipimo. Alisema, binti yangu atakupigisha magoti halafu akufukuze, kwa hiyo kama una akili toka kwa mlango huu huu, mimi nitasema hukuja."

Bi Rudia alihisi uso ukimwaka. "Na bado ukaja."

"Ulitaka mtu apige magoti. Kosa ni langu. Sikutaka apigishwe mwenye kifua kipana."

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akachechemea kutoka nje.

*

"Njoo uone," mpiga picha alimwita.

Waliangalia kwenye kioo kidogo cha kamera, wawili, vichwa vikikaribia kugusana. Bi Rudia aliiangalia kama mtu wa kazi. Alitafuta kosa. Alitafuta taa iliyokosewa, kivuli cha maikrofoni, jicho lililokimbia. Aliitafuta hila ya mtu anayelia akihesabiwa mpaka tatu, na akakumbuka kwamba Taratibu hakulia hata kidogo. Alifika mwisho akairudisha mwanzo.

"Hii hairudiwi," mpiga picha alisema.

"Najua."

"Yule mwenye kifua kipana ni mwigizaji mzuri. Lakini hii hataiweza."

"Nimesema najua."

Alimkuta Taratibu kwenye ngazi za nje, jua la alasiri likimpiga usoni, amekunja suruali na kuliangalia goti lake lililovimba kama kiazi. Bi Rudia alisimama hatua mbili juu yake. Hakukaa.

"Ijumaa nina mkutano na waandishi wa habari kuhusu filamu hii," alisema. "Utakaa meza moja na mimi. Utasema uliyoyasema leo, yote, ya ngazini na ya siku tisa. Bila kamera yangu na bila taa zangu. Ukifanya hivyo, nafasi inabaki yako."

"Watanimaliza," Taratibu alisema.

"Ndiyo."

"Sitapata tena kazi ya kuongoza. Mahali popote."

"Sikutegemea upate."

"Na wewe utakuwa umenisamehe?"

"Hapana," Bi Rudia alisema. "Huko hatujafika. Nataka tu nikuone ukisema."

Akateremsha mguu wa suruali. "Saa ngapi?"

"Saa nne kamili. Usichelewe."

*

Hakuchelewa. Alikaa mbele ya waandishi ishirini na kitu, akasema yote kwa mpangilio ule ule, na mmoja alipouliza kama ni mbinu ya kutangaza filamu, alijibu, "Ingekuwa mbinu, ningevaa shati zuri." Jioni hiyo hiyo redio zilikuwa zikimtafuna. Magazeti ya Jumamosi yalimwita mwizi kwa herufi kubwa, na gazeti moja lilichapisha maandishi ya mwanzo ya ile filamu ya zamani likaongeza jina la Bi Rudia juu ya la Taratibu kwa wino mwekundu. Mjomba wa Bi Rudia, aliyekuwa akiwaambia watu kwamba mpwa wake ni mpiga chapa, alinunua nakala tano.

Bi Rudia alizisoma habari zote akiwa peke yake, ndani ya gari lake, madirisha yamefungwa. Alicheka. Kisha akalia, akacheka tena. Hakujutia hata herufi moja, wala hakumwonea huruma. Alipata alichokitaka, kizima, hakikupungua kitu. Usiku ule alilala fofofo kama mtoto aliyenyonya.

Jumatatu aliamka kabla ya saa ya kengele. Walikuwa na onyesho la sokoni, Taratibu na mwigizaji wa kike, maneno machache tu, la kawaida kabisa. Alivaa blauzi nyeupe, akajiangalia, akaivua. Akavaa ya kijani. Akaivua. Alikuwa anaifunga vifungo ile ya tatu ndipo alipong'amua anachokifanya, na kwa ajili ya nani, na hasira ikampanda upya kuanzia kwenye nyayo, mpya kabisa, kana kwamba hajalipiza kitu.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, haijulikani tangu saa ngapi.

"Ile nyeupe ilikupendeza zaidi," mama alisema.

"Mama, mimi naenda kazini."

"Sijasema unaenda kwingine." Akapuliza chai yake, akanywa funda moja, akaanza kuondoka. "Ila goti lake bado halijapona. Leo usimsimamishe sana juani."

Bi Rudia alibaki mbele ya kioo, vifungo viwili bado viko wazi. Kisha akavua ile ya tatu, akaitupa kitandani kwa hasira, akavaa nyeupe.